Pumzi Mbili Zilizopotea

Mheshimiwa Ratu Vilikesa, mkuu wa jimbo letu na mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, Ten Beneti. Mchungaji Beniamina, uliyetuombea asubuhi hii kwa sauti iliyowaamsha hata popo wa kisiwa hiki cha Nukusere. Wazee wenzangu mlioketi kila mmoja chini ya boriti ya babu zake. Mama zetu mliosokota juu ya mapaja yenu kamba yote iliyoifunga nyumba hii. Vijana mliokwea na kuezeka huku sisi tukitoa amri tukiwa tumekaa. Ndugu wageni waalikwa mliovuka maji kutoka Suva na kutoka mbali zaidi. Na wewe uliyeketi nje, pale maji ya paa yanapodondokea, ambaye orodha ya itifaki niliyopewa haikukuandika: Mauri!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu wanaofikiria nguruwe aliyeko kwenye mawe ya moto. Nguruwe hatoroki. Mauri!

Naam. Sasa nimesalimiwa.

Nina miaka themanini, na daktari wa zahanati amenionya nisifurahi kupita kiasi. Leo namwasi. Tangu alfajiri miguu yangu haitulii. Mke wangu ameniuliza, "Ioteba, unakwenda kufungua maneaba au unakwenda kuposa?" Nikamwambia, "Nakwenda kupisha." Hakunielewa. Mtanielewa ninyi kabla sijakaa, na nawaomba mniangalie vizuri nitakapokaa, kwa sababu sitakaa pale mlipozoea kuniona.

Ndugu zangu, nimeombwa niseme kwa dakika kumi na tano juu ya ujenzi wa nyumba hii. Ujenzi mnauona. Hakuna msumari. Nguzo ni za jiwe la matumbawe, paa ni la majani ya mkadi, na upenu umeshushwa chini kama ulivyokuwa kule kwetu Teraukai, ili kila anayeingia ainame, awe mvuvi au awe mkuu wa jimbo. Mheshimiwa Ratu, nimekuona ukiinama, na nimeona pia ulivyojipima vibaya. Usione haya. Paa hilo limewagonga wakubwa wengi.

Lakini kuna jambo moja la ujenzi ambalo halionekani kwa macho, nalo ndilo lililonisimamisha. Maneaba ya Teraukai, nyumba ya baraza kama hii, ilikuwa na mahali kumi na nane pa kukaa, koo kumi na nane, kila ukoo na boriti yake. Jana wazee tulikutana kugawa mahali, na mikeka ikatandikwa. Nimeihesabu leo asubuhi. Ni kumi na saba. Pale kwenye nguzo ya tatu ya upande wa mashariki, kati ya mkeka wangu na mkeka wa Mwenyekiti, mikeka imevutwa kidogo kulia na kidogo kushoto, kama mtu anavyovuta nywele kuficha upara. Mgeni hataona. Je, sisi tunaojua, tutajifanya wageni?

Mahali hapo ni pa ukoo wa Nei Kiebu. Nei Kiebu ni yule mama wa miaka themanini na tisa aliyeketi nje, kwenye mstari wa matone, juu ya kipande cha mkeka alichokuja nacho mwenyewe, na mjukuu wake, mwalimu Teretia, amemshikia mwavuli. Wengi wenu mnamjua kama bibi mkali asiyeingia maneaba. Vijana husema ana deni la ugomvi. Watoto husema ana chura mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyewaambia kwamba ninyi nyote, kila siku ya Mungu, mnaimba shairi lake.

Ndiyo, mnaimba! Asubuhi na jioni, wagema wetu wanapokwea minazi na kotama zao, visu vya kugemea, wanaimba kwa sauti ili walio chini wajue kuna mtu juu, na mama aliye kisimani ajifunike. Na wanaimba nini? Ten Bwebwe, wewe mgema, usinifiche. Unaimba "Ni aba gani mwauza." Baba yako aliuimba. Mchungaji Beniamina naye anauimba kanisani, ubeti wa tatu, taratibu, macho yamefumbwa, kwa sababu ubeti huo una maneno "Ewe Bwana, toa neno," na sote tumeshazoea kuamini kwamba ni sala.

Mchungaji, nisamehe. Si sala. Nitakuambia Bwana huyo ni nani, na hutafurahi.

Miaka hamsini na minane iliyopita nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, karani wa Kampuni iliyokuwa ikichimba udongo wa mbolea pale Teraukai. Nilikuwa na viatu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojitambulisha wakati ule, moyoni mwangu: mimi ni Ioteba, mwenye viatu na lugha mbili. Meneja aliponiita mfasiri mwepesi, nilitembea wiki nzima kama mtu aliyepewa kisiwa.

Asubuhi moja meneja alikuja kwenye maneaba na karatasi. Wazee wote walikuwepo, kila mmoja mahali pake. Mkubwa wao alikuwa Ten Kaburoro, baba yake Mwenyekiti wetu wa leo. Wanawake waliketi nyuma ya wanaume, wakisokota kamba, kwa maana mila yetu ilisema ukoo una msemaji mmoja, na msemaji ni mwanamume. Nei Kiebu aliketi nyuma ya shemeji yake, ana miaka thelathini na mmoja, mtoto mchanga mgongoni.

Meneja akasimama, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Akanigeukia, akaniambia chinichini, "Fupisha. Wazee wako wanasinzia, na meli inanisubiri."

Nami nikafupisha. Nikasema: "Kampuni itachukua aba, nanyi mnakubali."

Basi. Maneno yote hayo yakawa moja.

Ninyi mnajua neno letu aba lina ukubwa gani. Aba ni ardhi. Aba ni watu. Hata jina la nyumba hii limelibeba neno hilo mgongoni kama mama anavyombeba mtoto. Kwa babu zetu haikuwapo haja ya maneno mawili, kwa sababu hapakuwahi kuwa na ardhi upande mmoja na watu upande wa pili. Wazee walisikia aba wakadhani ni vipande vya kuchimbwa, kama vile walivyokwisha kukodisha nyuma ya kijiji. Nilijua wanadhani hivyo. Na nilipojisuta baadaye nilijiambia: sikudanganya, maana neno nililotumia lina yote ndani yake. Mnaona werevu huo? Mtu mwenye lugha mbili ana mahali pawili pa kujificha.

Wazee wakatia dole gumba kwenye wino, mmoja baada ya mwingine. Ten Kaburoro akafuta kidole chake kwenye nguzo, akacheka, akasema, "Alama hii itanishinda kuoga." Watu wakacheka. Mtu mmoja hakucheka.

Nei Kiebu aliacha kusokota kamba. Akamwinamia shemeji yake, Ten Tiaon, akamnong'oneza, nami nilikuwa hatua mbili tu, nikasikia kila neno.

"Shemeji, muulize mfasiri."

"Nimuulize nini?"

"Mzungu kasoma pumzi tatu. Ioteba kafasiri pumzi moja. Zile mbili zimekwenda wapi?"

"Wewe mwanamke, unahesabu pumzi za watu?"

"Nahesabu. Ndiyo kazi yangu."

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mtunzi. Alitunga nyimbo za ngoma na za arusi, na mtunzi, ndugu zangu, hupima maneno kwa pumzi kama mama mwenye nyumba anavyopima mchele kwa kiganja. Hakujua neno hata moja la kizungu. Hakuhitaji. Alisikia urefu wa kilichosemwa, akasikia ufupi wa kilichofasiriwa, akajua kwamba katikati ya hivyo viwili kuna kitu kimeibwa. Wasomi wote wa kisiwa, yaani mimi, tulikuwa na kamusi. Yeye alikuwa na sikio.

Ten Tiaon hakuuliza. Alisema, "Nimeshatia kidole, nikiuliza sasa nitaonekana mjinga." Ni watu wangapi wamepotea duniani kwa kuogopa kuonekana wajinga kwa dakika moja?

Jioni yake, jua likiwa bado juu ya maji kiasi cha viganja viwili, wazee walikuwa wamekaa nje ya maneaba pamoja na meneja, ambaye meli yake ilikuwa ikingoja maji kujaa, wakinywa tembo tamu la siku ile na kula magimbi. Ni saa ya wagema. Minazi iliyokuwa karibu na maneaba ilikuwa ya mume wake Kiebu, Ten Raubane, Mungu amrehemu, mtu mpole aliyeogopa vitu viwili tu, papa na mke wake. Tukasikia sauti kutoka juu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mgema kuimba ni kama jogoo kuwika. Halafu mmoja akasema, "Mbona Raubane leo ana sauti ya kike?" Mwingine akasema, "Raubane yupo hapa chini, kashika kifuu." Tukainua vichwa wote pamoja.

Alikuwa Kiebu, juu kabisa, miguu imekumbatia shina, kotama ya mumewe kiunoni.

Vijana wa leo, mnacheka, mnaona ni mchezo. Mwanamke hakukwea mnazi wa tembo. Na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, hakukaa juu ya vichwa vya wazee akawasemesha. Alivunja miiko miwili kwa mguu mmoja. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya maneaba hakuwa na ruhusa ya kufungua mdomo, na sheria pekee iliyompa mtu haki ya kupiga kelele juu ya kichwa cha mzee ilikuwa sheria ya mgema: aliye juu lazima aimbe. Aliichukua sheria yetu wenyewe akaikwea.

Akaimba. Mnaujua wimbo, lakini nisikilizeni leo kama hamjawahi kuusikia, kwa maneno yake ya siku ile:

*Mmetia dole gumba,*
*mbele ya wanaotamba;*
*hamkuuliza kamba:*
*ni aba gani mwauza?*

*Aba ni huu mchanga,*
*na mwana wangu mchanga,*
*na mfupa wa muhenga:*
*ni aba gani mwauza?*

*Kalamu ina mkono,*
*mkono una maneno;*
*Ioteba, toa neno:*
*ni aba gani mwauza?*

Umesikia, Mchungaji? "Ioteba, toa neno." Si "Ewe Bwana." Tulipofika huku nikawa karani wa baraza, kisha mwalimu mkuu, na wagema, kwa adabu, wakaona si vizuri kulitaja jina la mwalimu mkuu mtini. Wakaweka "Ewe Bwana," maana pumzi zinalingana. Kwa miaka hamsini mmeniombea kanisani mkidhani mnamwomba Mungu, na mimi nimekaa kiti cha mbele, nimefumba macho, nimeitikia amina.

Chekeni. Chekeni tu, inastahili. Mimi mwenyewe nimeanza kucheka juzi.

Turudi kwenye mnazi. Meneja alimtazama yule mama, akafurahi mno. Akaniuliza, "Anaimba nini?" Nikamwambia, "Ni wimbo wa kugema tembo, bwana." "Mbona nimesikia jina lako?" Nikamwambia, "Ananisalimia." Akapiga makofi! Akasema ni wimbo mzuri kuliko zote alizozisikia kisiwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa na meneja mwenyewe na tembo lake likazidi ukali, maana alirudia kutoka mwanzo, na safari hii alipofika kwenye jina langu aliliimba mara mbili.

Ten Kaburoro akasimama. "Mwanamke, shuka!"

"Nashuka nikijibiwa!"

"Mimi nakuamuru!"

"Sikukuuliza wewe, baba. Namuuliza mwenye viatu!"

Raubane naye akawa anazunguka shina, kifuu mkononi. "Mke wangu, shuka, mti huo hujauzoea. Watu wanatazama!"

"Na watazame!"

"Basi na tembo je? Umegema hata kidogo?"

"Nimegema wazee, hawajatoa tone!"

Ndugu zangu, hata wazee wawili walicheka, wakajifanya wanakohoa. Mimi sikucheka wala sikukohoa. Nilitazama viatu vyangu. Neno lilikuwa mdomoni. Ningeweza kusema, "Wazee, subirini, kuna pumzi mbili sikuzisema." Karatasi ilikuwa bado mkobani mwa meneja. Wino ulikuwa haujafutika kwenye vidole vya wazee. Nikalifungia meno.

Jua lilipogusa maji akashuka, bila jibu. Kesho yake asubuhi wakamhukumu. Hawakumhukumu kwa swali lake, maana swali lilikuwa zuri mno. Walimhukumu kwa kukwea. Ndivyo jamii inavyofanya, mkitaka kujua: ikishindwa kulijibu neno la mtu, hupima urefu wa mahali aliposimama. Mkeka wa ukoo wake ulikunjwa. Akaambiwa yeye na watakaotoka kwake hawatakuwa na mahali ndani ya maneaba. Watakaa nje, kwenye mstari wa matone. Ten Kaburoro akamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Mvua niliijua kabla sijalijua paa. Siku nikijibiwa nitaingia." Akamchukua mtoto, akatoka, na alipofika kwenye upenu hakuinama, aliusukuma kwa mkono, akapita wima.

Baada ya miezi miwili, meli ikaja. Tukaambiwa tupande, na mikeka yetu, na kuku wetu. Hapo ndipo wazee walipoelewa aba gani. Nakumbuka Ten Kaburoro amesimama kwenye sitaha, anaitazama Teraukai inavyopungua, anasugua dole gumba kwenye kitambaa cha nguo yake, anasugua, anasugua. Kiebu alikuwa hatua nne kutoka kwake. Hakumwambia "nilikuambia." Alikuwa anamwimbia mtoto, na watoto wengine wakaanza kuitikia, na mpaka tunashuka kwenye kisiwa hiki cha Nukusere, chenye milima na mito na baridi tusiyoijua, kila mtoto alikuwa ameuweka wimbo ule moyoni. Ndicho kitu pekee tulichokileta kutoka Teraukai ambacho hakikupimwa wala kuandikwa na makarani wa meli.

Na hukumu je? Hukumu tuliileta pia. Hiyo ndiyo aibu inayonichoma. Tuliacha makaburi, tuliacha visima, tuliacha mawe yenye majina, ambayo mpaka leo nikifumba macho nayataja moja moja kutoka kaskazini kwenda kusini bila kukosea. Lakini adhabu ya mwanamke aliyesema kweli tuliifunga vizuri tukaipakia melini. Tulijenga maneaba ya kwanza hapa, akakaa nje. Kimbunga kikaichukua, tukajenga ya pili, akakaa nje. Raubane alipokufa tulimwomboleza ndani, na mjane wake akamlilia kutoka nje. Na mimi, mwalimu mkuu, msomi, mtu wa vitabu, nilipita mbele yake kila mkutano, nikamwambia, "Mauri, Nei Kiebu," naye akanijibu, "Mauri, Ioteba. Umeleta?" Maneno hayo hayo kwa miaka hamsini na minane. "Umeleta?" Watu walidhani ananidai tumbaku.

Namwona Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Namsikia anasema, "Fupisha, mzee."

Ten Beneti, mwanangu. Nakuheshimu, na nilimheshimu baba yako. Lakini neno hilo niliambiwa siku moja na nikalitii, na ndiyo sababu sote tuko hapa na si kule. Leo silitii. Nguruwe ataiva zaidi.

Nimekuja na karatasi. Ni nakala niliyoiandika kwa mkono wangu siku ileile, kwa sababu karani alitakiwa kuweka nakala. Imekaa katika kopo la biskuti tangu siku hiyo, na mke wangu anadhani mna barua za mapenzi. Dada yangu Kiebu, unanisikia huko nje? Teretia, ondoa mwavuli kidogo, usimzibe sikio. Naifasiri sasa, yote, kama nilivyopaswa kuifasiri mbele yako.

Pumzi ya kwanza: Wazee wa Teraukai wanaipa Kampuni ruhusa ya kuchimba udongo wa kisiwa chote mpaka kwenye mwamba.

Pumzi ya pili: Kwa kuwa kisiwa kitakachochimbwa hivyo hakitafaa kukaliwa, watu wote wataondolewa kwa meli na kupelekwa kisiwa kingine, ambacho Kampuni itakichagua.

Pumzi ya tatu: Wakishaondoka hawatarudi kuishi pale, wao wala watoto wao.

Ndizo hizo. Niliwapa wazee ile ya kwanza, nayo nusu. Nilizimeza mbili. Laiti ningezitoa, je, Kampuni ingetuacha? Sijui. Nimesoma historia nyingi, na historia hainipi moyo. Lakini tungeondoka tukijua, tungeondoka tukipiga kelele, na baba yake Beneti asingekufa akisugua kidole. Aliyestahili kukaa kwenye matone miaka yote hii alikuwa na viatu miguuni, na mlimketisha kwenye nguzo ya nne, mahali pakavu.

Sasa niseme la mila, kwa sababu wazee wenzangu wameanza kutazamana na najua wanafikiria kura. Haitahitajika kura. Mila ya Teraukai inasema baraza linaweza kuukunja mkeka wa mtu, lakini haliwezi kumzuia mwenye mahali kumpisha mwingine mahali pake, na aliyepishwa haondolewi na yeyote, yeye wala watakaotoka kwake. Je, nimekosea? Mzee Tiaon mdogo, unayeketi sasa chini ya boriti ya mama yako, wewe ndiye mjuzi wa mila, nimekosea? Anatikisa kichwa. Hajasema nimekosea. Mwenyekiti?

Mwenyekiti anasema, "Hujakosea." Andikeni hilo. Ten Beneti, mwana wa Kaburoro, amesema sijakosea! Nimeishi kuisikia siku hii! Daktari na aje anipime moyo sasa, asikie ngoma!

Basi, Nei Kiebu, mahali pangu, nguzo ya nne upande wa mashariki, ni pako, na pa Teretia baada yako, na pa watakaotoka kwake. Na ule mwanya kwenye nguzo ya tatu, wazee, ni wenu kuutafakari. Mimi nimetoa nilicho nacho. Nami nitakwenda kukaa pale ulipokaa wewe. Nimekuja na kipande changu cha mkeka.

Lakini najua hutaingia kwa ajili ya mkeka. Ulisema juu ya mnazi, ukasema tena siku ya hukumu: ukijibiwa. Mimi si mtunzi. Nimekaa wiki tatu natunga ubeti mmoja, nikihesabu pumzi kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na mke wangu amenikuta mara nne nikizungumza na ukuta. Upokee hivyo hivyo:

*Kiebu, natoa neno,*
*nilolifungia meno,*
*nao huu ni mkono:*
*ni watu niliouza.*

Ngojeni, ndugu zangu, anamvuta mjukuu wake karibu.

Amesema kitu. Teretia, amesema nini? Rudia kwa sauti, wengine masikio yamekwisha.

Anauliza, "Pumzi ngapi hizo, Ioteba?"

Tatu, dada yangu. Zote tatu.

Anasema, "Zimetimia."

Anainuka! Hapana, hapana, vijana, kaeni, msimshike mkono. Ameukataa mkono wa mjukuu wake, ataukubali wenu? Aliyekwea mnazi mbele ya wazee na meneja atashindwa na upenu? Mpisheni tu njia. Mama zetu, sogezeni miguu. Ten Bwebwe, wewe mgema, anzisha wimbo, na safari hii liweke jina langu mahali pake, kwa sauti, walisikie mpaka kule kisimani.

Mheshimiwa Ratu, Ndugu Mwenyekiti, Mchungaji, wazee, mama zetu na wageni wote, nawashukuru kwa nyumba hii, na zaidi kwa kamba ya mama zetu iliyoifunga, ambayo leo kwa mara ya kwanza imeulizwa. Te mauri, te raoi, te tabomoa: uzima, amani na baraka ziwakae. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho, bila kunifupisha.

Nakwenda nje. Naona mvua inakuja.